Enzi za Sumuni ya Sungura: Bei Chini, Vimini Juu, na Mabinti Wakakimbizwa Kariakoo

Wiki hii mitandao haikulala na sababu mnaijua. Kuna dada mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti picha yuko kwenye sherehe kavaa kigauni kilichoishia juu ya goti, tena juu kweli. Nusu saa haijaisha komenti zishafika mia kadhaa. Wengine wanamwaga moto, wengine matusi, wengine wanauliza tu kigauni kinauzwa wapi. Halafu akaingia mzee mmoja, mtu mzima anayeheshimika mjini hapa, jina lake nalo kapuni, akaandika mstari mmoja. Mstari huo umenifikia kwenye magrupu manne ya WhatsApp, likiwemo la familia:

"Enzi zetu shilingi ilikuwa shilingi, na mabinti walikuwa na heshima."

Watu wakapiga makofi. Baba mdogo kaweka vidole gumba vitatu. Mjomba kaandika "ukweli mtupu".

Mimi mwenzenu sikuweka kitu, maana mstari ule una mambo mawili ndani yake, la hela na la heshima, na yote mawili nina mtu wa kumuuliza. Sijasoma sana, nimeishia form four, na riziki yangu ni kuuza nguo mtandaoni. Ila nina bibi. Bibi yangu mzaa mama kazaliwa 1949, kaja Dar akiwa msichana, na mwaka 1968 alikuwa na miaka kumi na tisa, taipisti kwenye ofisi moja mjini. Yaani hizo "enzi zetu" yeye alikuwa ndani yake, tena katikati ya mji, na miguu yake ilikuwa nje. Picha zipo.

Basi nikaenda kwake Jumapili na mkate na sukari. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia bibi leo nataka unisimulie bei.

Akacheka. "Bei ya nini, mjukuu wangu? Kila kitu kilikuwa na bei."

Tuanze na hela

Kwanza shilingi yenyewe. Hii shilingi yetu ya Tanzania ilianza kutumika Juni 1966. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, sisi, Wakenya na Waganda, na senti zake nyingine zilikuwa na tundu katikati, unaweza kuzitunga kwenye uzi kama shanga. Zilipokuja zetu, senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 ina mbuni, sumuni, yaani senti 50, ina sungura, na shilingi moja ina mkono umeshika mwenge. Kwenye noti yupo Mwalimu, bado kijana. Bibi anasema watu waliifurahia ile hela kwa macho kwanza kabla hawajaifurahia mfukoni.

Na kweli ilikuwa na nguvu. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Shilingi 20 ilikuwa sawa na pauni moja ya Mwingereza, ndo maana wazee mpaka leo ukiwasikia wakisema "pauni" wanamaanisha shilingi 20. Novemba 1967 Mwingereza akaishusha thamani pauni yake, sisi yetu hatukuishusha. Kwa hiyo mzee wetu wa kwenye komenti hajadanganya. Shilingi ilikuwa shilingi.

Ila sasa hapa ndo watu huwa wanaishia. Wanakutajia bei halafu wananyamaza. Hawakutajii mshahara.

Kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilipangwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi kuanzia 1963, na mwaka 1968 kilikuwa bado hapohapo. Gawanya kwa siku thelathini. Unapata shilingi tano kwa siku. Shilingi tano hiyo ule, uvae, ulipe chumba, upande basi, utume kidogo kijijini, na akija mgeni umpikie.

Nikamuuliza bibi, chumba mlikuwa mnalipa ngapi? Akasema yeye na mwenzake walipanga Magomeni, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati, choo cha uani, na chumba kilikuwa shilingi 30.

Nikapiga hesabu palepale kwenye simu. Mtu wa kima cha chini, shilingi tano kwa siku, chumba cha shilingi 30 ni kazi ya siku sita. Haya, na mimi je? Chumba changu Tandika nalipa elfu 60 kwa mwezi. Siku mzigo ukitembea vizuri napata faida elfu 10. Siku sita. Wadau, nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea kubonyeza. Siku sita zilezile. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba wa bibi alikuwa anachukua kodi mwezi kwa mwezi, wangu anataka miezi sita kwa mkupuo.

Sasa sisemi hakuna kilichobadilika. Kuna vitu tusidanganyane, vilikuwa bora. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa 1964, ukifaulu unasoma. Shida ilikuwa kufaulu, maana nafasi zilikuwa chache mno. Na baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, kiongozi wa TANU au wa serikali alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa kwenye kampuni, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Hebu fikiria hilo leo, nani atabaki ofisini?

Nachosema ni hiki: ukisikia bei peke yake, hujasikia kitu. Sumuni ya sungura ilikuwa hela nzuri kwa aliyekuwa nayo. Na kipindi kile vijana walikuwa wanamiminika Dar kutoka mikoani kwa mabasi na kwa treni, kazi zikiwa chache kuliko wao. Kijana anayelala kwa binamu yake Ilala, hana kazi mwezi wa nane, kwake yeye hata kikombe cha chai kilikuwa ghali.

Shikeni hapo kwa kijana huyo. Nitarudi kwake.

Na starehe je?

Hapa bibi aliamka, hadi nikaogopa presha.

TV hamna. Huku bara TV imekuja miaka ya tisini, 1994. Wakati ule ni redio, na redio haikuwa kila chumba. Nyumba yao Magomeni redio alikuwa nayo baba mwenye nyumba, jioni anaitoa barazani, mtaa mzima unasikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Kulikuwa na vipindi vya salaam. Mtu anatuma barua, anamsalimia fulani na fulani na wote wanaomfahamu. Bibi anasema kusikia jina lako likitajwa redioni ilikuwa ni wiki nzima unatembea umenyoosha shingo. Nikamwambia bibi, sisi tunaita kutagiwa. Akasema, "Basi hamkuanzisha nyie."

Muziki ulikuwa dansi. NUTA Jazz, ambayo ilianzishwa 1964 na ndo hii mnayoijua leo kama Msondo Ngoma. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, Kilwa Jazz, na Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, kijana mdogo anayelikamua gitaa mpaka linalia. Ukumbi kama Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, Jumamosi, watu wamenyoosha nguo kwa pasi ya mkaa. Zaidi ya dansi kulikuwa na zile santuri za Wamarekani weusi, James Brown na Otis Redding, muziki wa soul, na vijana wa mjini waliusaka kwa udi na uvumba.

Sinema ndo usiseme. Empire, Avalon, Odeon, picha za Kihindi na za James Bond. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-in, unaingia na gari, unaangalia picha umekaa ndani ya gari lako. Pale ubalozi wa Marekani ulipo sasa hivi, upande wa Msasani, ndo palikuwa penyewe. Bibi hakuwa na gari, wala rafiki yake hakuwa na gari. "Mlifikaje?" nikamuuliza. Akanitazama vibaya, akaniambia nimimine chai.

Mpira nao, watani wangu wa Msimbazi msinune. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0. Sunderland ndo Simba hii hii, jina la Simba wamelichukua 1971. Bibi ni Yanga, kwa hiyo tarehe hiyo anaijua kuliko siku ya kuzaliwa mama yangu. Najua mtanijibu kwa zile 6 za 1977. Jibuni tu.

Na mavazi. Bibi alikuwa na vimini viwili, kimoja cha kitenge, kashonewa na fundi wa barazani hapohapo Magomeni. Nikamuuliza mbona kifupi hivi? Akanipa jibu la kiuchumi kabisa: kitambaa kilikuwa kinauzwa kwa yadi. Gauni la kufika chini linakula yadi nyingi. Kimini kinakula kidogo, na fundi anakupunguzia. "Sisi tulikuwa tunabana matumizi," akasema, na akacheka mpaka machozi.

Kucheka kulikoma nilipomuuliza kuhusu Oktoba.

Oktoba 1968

Hii wengi wetu hatujafundishwa darasani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni inaitwa Operesheni Vijana. Vitu vilivyopigwa marufuku: vimini, mawigi, krimu za kujichubua, suruali za kubana na vikaptula vifupi. Sababu waliyotoa ni kwamba vitu hivyo ni utumwa wa kikoloni, vinadhalilisha utamaduni wa Mwafrika. Kampeni ilipangwa kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969.

Lakini kuna watu hawakusubiri Januari. Siku chache baada ya tangazo, pale Kariakoo, makundi ya vijana wa kiume yakaanza kuwakimbiza wanawake waliovaa vimini na nguo za kubana. Polisi ikabidi waingilie kati.

Bibi alikuwa anatoka kazini, Independence Avenue, siku hizi tunaiita Samora. Alipanda basi la DMT kurudi Magomeni. Njiani, upande wa Msimbazi, basi likasimama kituoni, akaona vijana wamelizunguka. Wanachungulia madirishani, wanawaonyesha wasichana kwa vidole. Mmoja akaingia ndani. Bibi anasema kilichomtisha si fimbo, maana hakuwa na fimbo. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa anacheka, na abiria wengine nao wakaanza kucheka.

Walimshusha yeye na msichana mwingine. Kamba ya mkoba ikakatika. Gauni likachanika ubavuni. Hakuniambia yote na mimi sikumlazimisha. Aliniambia tu kwamba kulikuwa na mama mmoja anauza vitumbua pale kituoni, akaacha karai lake likiwa motoni, akavua khanga ya juu, akamfunga bibi kiunoni mpaka miguuni, akamshika mkono kama vile anamshika mwanawe, akapita naye katikati ya wale vijana huku anawatukana matusi ambayo bibi mpaka leo hayatamki. Akamfikisha barabara ya pili. Khanga hakuitaka tena. Bibi alirudi kesho yake kuirudisha, na keshokutwa, hakumkuta.

Kuanzia siku hiyo akawa anatoka nyumbani amefunga khanga juu ya kimini. Akifika mlangoni ofisini anaivua, anaikunja, anaitia kwenye droo chini ya mashine ya taipu. Saa kumi na nusu anaifunga tena.

Dada zangu mnaosoma hapa, nani kati yenu hana dera au mtandio kwenye mkoba wa kupandia daladala? Mimi ninao. Mdogo wangu anao. Miaka zaidi ya hamsini na bado tunafunga khanga ya yule mama.

Sasa tuulizane, walikuwa wanagombea nini?

Nilipomaliza kusikiliza nikaanza kusoma. Nimesoma ninachokipata kuhusu ile operesheni, na nimegundua kwamba hata wakati ule watu walibishana vibaya sana. Komenti za siku hizo zilikuwa barua za wasomaji kwenye magazeti, na kwenye gazeti la The Standard zilimiminika. Wapo waliounga mkono kwa nguvu zote. Wapo waliouliza maswali magumu. Kama kimini si cha Kiafrika, suti na tai ni za kabila gani? Na hao bibi zetu kabla ya nguo za madukani, kwani walikuwa wamejifunika mpaka vifundoni?

Na kuna jambo jingine ambalo lingetokea leo lingetrendi mwezi mzima. Kipindi hichohicho huko Arusha serikali ilikuwa na kampeni ya kuwavua Wamasai lubega ili wavae suruali, wawe watu wa kisasa. Yaani binti wa Dar anaambiwa amevaa kizungu mno, vaa Kiafrika. Mmasai anaambiwa amevaa Kiafrika mno, vaa suruali. Mwenye kuamua ni mtu aliyevaa anavyotaka yeye.

Mwaka uliofuata wakaugeukia muziki. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. James Brown naye akawa tatizo la kitaifa.

Lakini mbona hasira zilianguka zaidi kwa wasichana, tena wa kituo cha basi saa ya kutoka kazini? Hapa nawarudisha kwa yule kijana niliyewaambia mshike. Hana kazi, analala kwa binamu, sumuni anaiona mikononi mwa watu. Anasimama Kariakoo jioni, anamwona binti wa umri wake anashuka kwenye basi, ana mkoba, ana saa ya mkononi, ana mshahara. Taipisti alilipwa vizuri. Bibi anasema yeye alikuwa anapata zaidi ya mara mbili ya kima cha chini. Binti huyo halali kwa mtu, kapanga chumba chake. Hamuombi mtu hela ya dansi. Na hamwangalii yule kijana hata kwa jicho moja.

Mtaani wakasema hao wasichana hela wanapewa na mabwana wakubwa wenye magari. Na walikuwepo, bibi hakatai, "kama walivyopo leo". Lakini ilisemwa kwa wote, hata kwa aliyekuwa anaamka alfajiri kupanda basi.

Mimi naona hivi, na mtanipinga mkitaka: ugomvi ule ulivaa nguo ya maadili, lakini ndani yake ulikuwa ugomvi wa hela. Nani anayo, nani hana, na nani alitakiwa aiombe kwa nani.

Kwa nini nayaandika haya leo

Naandika kwa sababu ya lile grupu la familia.

Mdogo wangu ana miaka ishirini na moja. Anafanya kazi duka la simu. Anavaa suruali za kubana na vitopu, kama wenzake wote wa dukani pale. Mwaka jana alianza kulipa bili ya umeme nyumbani, halafu akachukua na dawa za presha za mama. Mwezi uliopita mjomba akaita kikao. Akaja na simu, ana picha ya mdogo wangu kaitoa mtandaoni. Akasema mtoto anaharibika, kazi ile inamharibu, aache, akae nyumbani mpaka apatikane mtu wa kumuoa. Akasema enzi zile za Mwalimu mabinti walikuwa na heshima.

Mama alinyamaza. Sisi tulinyamaza, mjomba ni mkubwa wetu. Mdogo wangu anaangalia miguu yake, na najua alikuwa anapiga hesabu kichwani, akiacha kazi dawa za mama zitatoka wapi.

Bibi alikuwa kwenye kochi. Tulidhani amesinzia.

Akamwambia, "Mwanangu, enzi zile zipi? Wewe nimekuzaa sabini na mbili."

Kimya.

Akamuuliza, "Huyu mtoto kabla hajaanza kazi alikuwa anavaa nini?"

Mjomba akasema alikuwa anavaa hivyohivyo, ndo tabia yake.

"Na alikuwa anakuja kwako kuomba nauli?"

"Ndiyo, alikuwa anakuja."

"Mbona wakati ule hukuita kikao?"

Wadau, mjomba si mtu mbaya. Alinilipia mimi ada nilipokuwa sekondari na sitasahau. Lakini swali lile hakulijibu. Alisema ana safari, akachukua funguo zake. Jioni tukaona ameondoka kwenye grupu, halafu kesho yake akarudishwa, mnajua familia zilivyo. Mdogo wangu bado anakwenda kazini. Mjomba bado hamsemeshi. Hapo ndipo tulipo, sina mwisho mzuri wa kuwapa.

Ila nimejifunza swali. Tukiambiwa enzi zetu, tusibishane, wala tusiwatukane wazazi wetu kama nilivyoona wengine wakifanya kwenye ile posti. Wale ni wakubwa wetu, na wengi wao walikuwa ni hao vijana waliokatazwa suruali za kubana na James Brown, wamesahau tu. Tuwaamkie vizuri, tukae chini, tuwapelekee na mkate. Wakishataja bei, tuulize mshahara ulikuwa shilingi ngapi. Wakishataja mshahara, tuulize alikuwa anaupokea nani. Wakishataja heshima, tuulize siku ile ya kituo cha basi wao walikuwa wamesimama upande gani, kwa wale waliokuwa wanacheka au kwa mama wa vitumbua.

Na nyie mlio na bibi au babu wa miaka hiyo, kaulizeni sasa hivi, msisubiri Idi wala Krismasi. Bibi yangu ana picha tatu tu za mwaka 1968. Katika zote tatu anacheka, na kwenye mbili kati ya hizo, ukikuza picha vizuri, utaona kitu kimekunjwa chini ya kwapa. Ni khanga.

Haya, tushuke kwenye komenti. Nambie kwenu chumba kilikuwa shilingi ngapi, na mshahara ngapi. Watu wa Simba, matusi ya mpira yanaruhusiwa. Matusi kwa bibi yangu nafuta.